Wimbo wa Asili, Mwenyewe Hakutajwa

Kuna kanda moja ninayo mpaka leo, ingawa redio-kaseti niliyokuwa nikiichezea iliharibika zamani. Juu ya kikaratasi chake nimeandika kwa wino wa buluu: "Wimbo wa asili, Dodoma." Mwandiko ni wangu na kosa ni langu. Nimeona vema nianze na kosa hilo kabla sijawanyoshea kidole watu wa redio, maana nyani haoni kundule, nami nisingependa msomaji anikumbushe methali hiyo kabla sijafika katikati ya maneno yangu.

Nilikuwa mwalimu wa shule moja mkoani Morogoro, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Wakati huo redio zilikuwa zimeanza kuwa nyingi. Sisi tuliokua na Radio Tanzania peke yake tulikuwa tunazungusha kitufe huku na huku kama watoto waliopewa ufunguo wa duka. Mojawapo ya redio hizo mpya ilikuwa na desturi ya kupiga nyimbo za mikoani alfajiri, kabla ya taarifa ya habari. Asubuhi moja nilisikia zeze na sauti ya mwanamume mmoja tu, sauti iliyokuwa ikipanda polepole kama mtu anayepanda mlima na mzigo, kisha ikishuka kwa ghafla. Niliacha chai ikapoa. Wimbo ulipokwisha, mtangazaji alisema, "Huo ni wimbo wa asili kutoka Dodoma," akaendelea na habari za bei ya mazao.

Juma lililofuata ulipigwa tena, nami nilikuwa tayari na kanda. Nikaurekodi. Nikawafundisha wanafunzi wa darasa la saba kwa ajili ya mahafali yao. Maneno ya Kigogo hatukuyajua, tukayakariri kwa sauti kama kasuku. Nikaona wimbo wenyewe uko taratibu mno kwa sherehe, nikauongezea ngoma mbili na hatua za kucheza. Siku ya mahafali wazazi walishangilia, mgeni rasmi akainuka kuwatuza watoto. Nilijiona mwalimu hodari.

Jioni, mlinzi wetu wa shule, mzee mmoja wa Kigogo, alikuja kunisaidia kurudisha viti darasani. Nilimwamkia, naye akaitikia kama kawaida yake. Kisha akasema, "Mwalimu, watoto wameimba vizuri. Lakini mbona mmeimba msiba kwenye sherehe?" Sikumwelewa. Akanieleza kuwa yule bwana wa kwenye wimbo anamlilia mwanawe aliyefariki kabla ya mvua za kwanza, na anauliza ni nani sasa atakayetoa ng'ombe zizini. Akaongeza, kwa upole wa mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake, "Na huo si wimbo wa asili, mwalimu. Una mwenyewe. Namfahamu, ni wa kijiji cha shemeji zangu. Mwishoni huwa anajitaja."

Akanitajia jina lake. Mimi nilikuwa nimebeba viti viwili, kimoja kila mkono, na kichwani nilikuwa nahesabu vilivyobaki nje. Sikuliandika. Mwaka uliofuata mlinzi yule alirudi kwao, na mimi nikahamishwa. Jina limenitoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa msikilizaji mkorofi wa vipindi vya nyimbo za asili, na haya ninayoandika hapa ni matokeo ya ukorofi huo. Nazungumzia hasa mwimbaji wa peke yake: yule anayetunga mwenyewe, anapiga chombo chake mwenyewe na kuimba mwenyewe, akiwa hana bendi, hana meneja, wala hana mtu mjini wa kumsemea. Huyu anaweza kuwa na zeze, au marimba ya mkono, au gitaa kavu, lile ambalo wazee wetu waliliita galatoni. Hoja yangu ni moja. Redio ndiyo iliyomfikisha mtu huyu mbali kuliko chombo kingine chochote kabla ya simu za siku hizi, lakini ilimfikisha nusu. Ilichukua sauti, ikaliacha jina njiani. Tena mara nyingi haikufanya hivyo kwa ubaya. Ilifanya hivyo kwa sentensi moja fupi ya mtangazaji.

Hebu tulinganishe. Bendi ya muziki wa dansi ilipopigwa redioni, tuliambiwa bendi ni ipi, na mara nyingi tuliambiwa pia ni nani aliyetunga na ni nani aliyeimba. Katika vipindi vya salamu mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mtangazaji alisoma kadi ya msikilizaji kwa utulivu kabisa: jina lake, jina lake la utani, sanduku lake la posta, kisha jamaa zake kumi na zaidi, mmoja baada ya mwingine, bila kumruka hata mtoto mchanga. Baada ya orodha hiyo ukapigwa wimbo wa zeze, na mwenye zeze asitajwe. Aliyenunua kadi alitajwa pamoja na ukoo wake. Aliyetunga wimbo aliitwa "Dodoma". Mtu amegeuzwa kuwa mkoa.

Jambo hili lina historia, na ni vizuri tuitazame, maana ndani yake kuna mambo ya kutufundisha na mengine ya kutuonya. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alifika Jadotville huko Katanga, mji ambao leo unaitwa Likasi. Kabla ya hapo alikuwa ameongoza studio za redio mjini Durban, Afrika Kusini, na sasa alikuwa akizunguka na mitambo yake akirekodi muziki wa Kiafrika. Huko Jadotville akamkuta kijana wa miaka ishirini na kidogo akipiga gitaa mtaani. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, wa ukoo wa watemi wa Bayeke, ambao asili yao ni huku kwetu Unyamwezi alikotoka Msiri. Alipiga gitaa kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, lakini ungedhani wapigaji ni watatu. Kati ya nyimbo alizorekodi ni "Masanga", na santuri zake zilitolewa na kampuni ya Gallotone.

Santuri za Bosco ziliingia redioni, na redio ikazitawanya. Kufikia mwishoni mwa miaka ya hamsini mwenyewe alikuwa Nairobi, akiwa na kipindi chake cha kawaida redioni. Hapo ndipo unapoona nguvu ya redio inapofanya kazi yake sawasawa. Vijana wa Kenya hawakusikia "wimbo wa asili kutoka Kongo". Walisikia kuwa mtu huyu ni Mwenda Jean Bosco, wakamtafuta, wakamtazama vidole, wakaiga, kisha wakaenda zao kutunga vya kwao. Mwaka 1969 alikwenda kupiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia, na mpaka leo wapiga gitaa katika nchi ambazo hakuzikanyaga wanajifunza "Masanga" wakijua ni ya nani. Jina lake lilisafiri pamoja na sauti yake. Hilo lilitokana na ufundi wake, hapana shaka, lakini lilitokana pia na jambo dogo sana: jina lilichapwa katikati ya santuri, na mtangazaji alilisoma.

Neno galatoni lenyewe lina kichekesho chake. Wazee wetu waliona jina la Gallotone kwenye santuri, wakasikia gitaa, wakakiita chombo kile kwa jina la kampuni. Jina la kampuni limeishi midomoni mwa watu ambao hawawezi kukutajia wapiga gitaa watatu wa zama hizo. Naogopa kuwa ndivyo ilivyo katika mambo mengi: jina la mwenye duka hudumu kuliko la mwenye shamba.

Tena tusimsifu Tracey kupita kiasi. Yeye naye aligawa muziki kwa makabila, na mara nyingi kundi zima la watu liliandikwa kwa jina la kabila lao. Mwaka 1950 huko Kapkatet, Kenya, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba "Chemirocha". Neno hilo ni jina la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika huko, na ndimi za Wakipsigis zikalilainisha jina mpaka likawa lao. Tazama basi maajabu hayo. Jina la mtu aliyekufa ng'ambo ya bahari limehifadhiwa ndani ya wimbo, na katika maandishi jina la kiongozi wa waimbaji likaandikwa, lakini wenzake wakabaki "wasichana wa Kipsigis".

Hata hivyo Tracey alikuwa na tabia moja ambayo ningependa kila mtayarishaji wa vipindi aiige: aliandika. Kila alichorekodi alikiwekea kadi, ikitaja mahali, lugha, chombo na mpigaji kadiri alivyoweza. Kumbukumbu hizo zimo katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini. Mwaka 2014 watu wa maktaba hiyo, wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, walianza kurudisha nakala za rekodi za zamani kwa wenyewe huko Kenya, na hata baadhi ya walioimba mwaka 1950 walipatikana baadaye wakiwa hai, wazee. Walipatikana kwa sababu kulikuwa na mahali pa kuanzia: kijiji, tarehe, jina. Mimi ningetaka kurudisha kanda yangu, ningeirudisha wapi? Dodoma ni kubwa.

Huku kwetu tumefanya nini? Ni haki kusema kwamba Radio Tanzania ilirekodi bendi na ngoma za mikoani kwa wingi, wakati ambapo hapakuwa na mwingine wa kufanya kazi hiyo, na maktaba yake, ambayo sasa iko chini ya TBC, ni hazina ya taifa. Lakini chukua mfano wa Mzee Morris Nyunyusa. Alikuwa haoni, na alipiga ngoma nyingi kwa pamoja, peke yake. Mlio wa ngoma zake ndio uliotangulia taarifa ya habari, siku hata siku, miaka nenda miaka rudi. Hakuna Mtanzania wa rika langu ambaye hakuisikia. Tulinyamaza kwa sababu yake. Baba aliposikia ngoma ile aliinua mkono, na nyumba nzima ikatulia. Lakini tulinyamaza tusikilize habari. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba ngoma ile ilipigwa na mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ana jina. Yeye bahati yake ni kwamba jina lilihifadhiwa, kwa hiyo leo tunaweza kumtaja. Ni wangapi wa aina yake ambao tulisikia mlio wao tu?

Au mchukue Hukwe Zawose, Mgogo, bingwa wa zeze na marimba ya mkono, aliyefariki mwaka 2003. Mwaka 1996 ilitoka huko Uingereza albamu yake "Chibite". Jina lake liko juu ya jalada, na msikilizaji wa mbali ambaye hajui hata Dodoma iko wapi anaweza kumwita kwa jina. Nilipoishika albamu ile kwa mara ya kwanza niliona fahari, kisha nikaona haya. Sauti ya zeze ilikuwa ndugu wa ile ya kwenye kanda yangu. Mgeni alikuwa amejua la kuuliza. Mimi, niliyekuwa na Mgogo langoni pa shule kila usiku, sikuuliza.

Najua kuna hoja ya upande wa pili, nayo si ya kupuuza. Watasema nyimbo za asili hazina mwenyewe. Mwimbaji amerithi mahadhi kwa babu, methali kwa bibi, na wimbo ukishatoka kinywani ni wa wote. Kudai jina ni tabia ya mjini, ya watu wanaotafuta fedha. Kuna ukweli ndani yake. Hata mtunzi mkubwa hutumia vitu alivyovikuta. Lakini mfinyanzi naye hutumia udongo alioukuta, na hatusemi chungu kimejifinyanga. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, na asili ya vyama hivyo ni mashindano ya watu wawili waliokuwa na majina, Ngika na Gumha. Washairi wa pwani walijitaja katika beti za mwisho, na washairi wa magazetini waliweka jina, lakabu na sanduku la posta chini ya shairi. Kwa hiyo si kweli kwamba mila zetu hazimjui mtunzi. Zinamjua sana. Ubishi wa miaka mingi juu ya "Malaika", kati ya Fadhili William wa Kenya aliyevuma nao na Adam Salim wa Tanzania aliyedai kuutunga, unaonyesha kuwa watunzi wenyewe hawakuwahi kuwa na shaka kwamba wimbo una mwenyewe. Walibishana ni nani tu.

Nadhani tatizo lina mzizi mwingine ambao hatupendi kuutazama kwa sababu unafanana na adabu. Sisi mtu mzima hatumwiti kwa jina lake. Ni Mzee, ni Babu, ni Baba Fulani kwa jina la mtoto wake. Kumwuliza mzee, "Unaitwa nani?" kunakaribia utovu wa heshima. Kwa hiyo anayekwenda kijijini kurekodi humwamkia mzee, humwomba aimbe, humshukuru, na hurudi mjini na kanda iliyojaa heshima isiyo na jina. Mtangazaji naye husema "mzee wetu" akidhani amemtukuza. Heshima hiyo inafaa barazani, ambapo kila mtu anajua mzee ni nani. Redioni inamfuta. Tangu mwaka 1999 Tanzania ina sheria ya hakimiliki iliyoanzisha COSOTA, lakini hakuna ofisi duniani inayoweza kumlipa "mzee wetu".

Kosa la pili ni la saa. Upande mmoja wa santuri za zamani ulichukua kama dakika tatu, na wimbo ulilazimika kuingia humo kama mguu katika kiatu cha mtu mwingine. Santuri zikaondoka, dakika tatu zikabaki. Nyimbo za zeze hazina haraka. Mwimbaji huzunguka, hukaa kimya, hurudia, na yale mazito huyaacha mwishoni. Redio humpa nafasi iliyobaki kabla ya habari, kama kitambaa cha kuzibia tundu, na saa ikifika humkata. Au mtangazaji huanza kuzungumza juu ya ubeti wa mwisho. Lakini ubeti wa mwisho ndipo wengi wao hujitaja na kutaja kijiji chao! Ndiyo sahihi yao. Fikiria mhariri wa gazeti anayechapa shairi na kukata jina la chini kwa sababu karatasi imekwisha, kisha anaandika juu: "Shairi la asili."

Kipindi kizuri cha nyimbo hizi hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji sentensi nne: huyu ni nani, anatoka wapi, anapiga chombo gani, na wimbo unasema nini. Kisha kinahitaji uvumilivu wa kuuacha wimbo ufike mwisho. Nimewahi kusikia vipindi vya namna hiyo, vichache, na mara nyingi mtangazaji alikuwa mtu mwenye sauti ya kawaida asiyejali kujisikiliza mwenyewe. Alisema maneno yake, akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko uhakiki bora niliopata kuusikia redioni. Alituambia wimbo unamhusu mtu anayedaiwa ng'ombe wa mahari, basi tukasikiliza tukijua kicheko kiko wapi na uchungu uko wapi. Asingetuambia, tungebaki kusema, "mahadhi matamu", sifa ambayo mtu humpa hata ndege.

Siku hizi kila kijana ana simu, na simu inarekodi vizuri kuliko mitambo ya zamani iliyobebwa kwa gari. Nilitumaini jambo hili litamalizika lenyewe. Halikumalizika. Watu wanatumiana nyimbo zilizounganishwa saa nzima, zimeandikwa "ngoma za asili", na humo ndani wamo watu ishirini wanaoimba kwa jasho lao, hakuna hata mmoja anayetajwa. Chombo kimebadilika, kikaratasi changu cha wino wa buluu kimebaki vilevile.

Juzi kijana wa jirani alinisaidia kuihamisha kanda ile kwenye kompyuta yake kabla haijaoza. Tukaisikiliza pamoja mpaka mwisho, mimi nikiwa nimeshika kalamu safari hii. Sauti ilipanda, ikashuka, ikamlilia mtoto. Zeze likabaki peke yake kidogo, kama linampa mwenyewe nafasi ya kuvuta pumzi. Sauti ikarudi, ikaanza neno moja jipya ambalo halikuwamo katika beti za nyuma. Hapo hapo zikaingia pi, pi, pi za saa, na mtangazaji akasema ni wimbo wa asili kutoka Dodoma.

Kijana akaniuliza, "Babu, faili nilipe jina gani?" Nilikaa kimya kwa muda. Nikamwambia asiandike "asili". Aandike: "Baba anamlilia mwanawe. Mwenyewe alijitaja, tukamkata."